Siku ya Matembezi ya Mama Yongping

Puu, taa. Puu, taa.

Ndivyo ulivyosema mvukuto wa jikoni kwake, sanduku la mbao la kupulizia moto lililokaa kando ya jiko la udongo, mpini wake ukiwa umelainishwa na kiganja cha mama mkwe wake kabla ya kulainishwa na cha kwake. Miaka sita Suqin hakuwa ameushika. Lakini kila alfajiri, kabla hajafumbua macho, aliusikia mara mbili au tatu, kisha lifti ikapita nyuma ya ukuta, naye akajua yuko wapi: ghorofa ya ishirini na sita, Wuhan, katika chumba ambacho mwanzo kilikusudiwa kuwekea viatu na mabegi.

Kou Suqin alikuwa na miaka sitini na nne. Alikuja mjini mjukuu wake Miaomiao alipotimiza siku arobaini, mkononi ana begi moja na gunia la viazi vya kwao Gansu, ambako udongo ni wa manjano na mvua huja kama mgeni asiyelala. Makubaliano yalikuwa mepesi. Amlee mtoto mpaka aingie darasa la kwanza, kisha arudi kwa mumewe. Hakuna aliyeyaandika, nani huandikiana mkataba na mwanawe wa kumzaa? Miaomiao aliingia darasa la kwanza tarehe mosi Septemba. Sasa Oktoba ilikuwa inakwisha, na hakuna aliyekuwa amesema neno.

Si kwamba walimtesa. Ugumu ulikuwa hapo hapo. Mwanawe Yongping alimnunulia viatu vya kulinda magoti yake. Lan, mkaza mwana wake, hakuwahi kumpandishia sauti hata siku alipochemsha sweta ya sufu ikatoka ndogo ya kumvika paka. Aliyefungwa kwa kamba anajua pa kukata. Aliyefungwa kwa wema atakata wapi?

Kilichomnyima usingizi ni maji. Kwao maji ya kunywa ni ya mvua, hukingwa katika shimo kubwa lililosakafiwa ardhini, na wakati wa baridi mdomo wa shimo hufanya barafu. Mwaka uliopita mumewe, mzee Wancang, aliteleza pale, akalala chini na ndoo kifuani mpaka jirani alipokuja kuazima ungo. Suqin aliisikia habari hiyo baada ya miezi miwili, na hakuisikia kwa mumewe. Kwenye simu mzee alisema kila siku kwamba amekula, amelala, hana neno. Ndivyo walivyolelewa wote wawili: aliye mbali hupelekewa habari njema, mbaya unaimeza na mate yako. Majuzi mzee aliuliza jambo moja tu, tena kwa kuzungukia mbali. Kitanda chao cha udongo, kile kinachopashwa moto kwa chini, akitandike mkeka wa mtu mmoja au wa watu wawili, maana baridi inabisha hodi? Suqin alimwambia angojee Jumamosi. Jumamosi jioni, mezani, angezungumza na mwana wao.

Jumamosi ilikuwa leo. Sentensi yake alikuwa ameshaitengeneza, akaikariri wiki nzima akiosha mboga: Yongping, mtoto ameshaingia shule, sasa nikatie tiketi. Kisha angenyamaza. Asingeongeza neno, kwa maana maneno ya kuongeza ndiyo hufungua mlango wa mabishano.

Alipotoka chumbani alimkuta Yongping ameshanawa uso, jambo ambalo halikuwahi kutokea Jumamosi yoyote. Leo mama hapiki wala hafui, alisema. Miaka sita mjini, na hajaona zaidi ya soko, shule na zahanati. Leo atatembezwa. Na aliyekuwa anamsubiri sebuleni, mkoba begani, alikuwa mkwe mwenzake, Yu Hanzhen, mama yake Lan. Hanzhen alizaliwa Wuhan, akafanya kazi ya kufuma katika kiwanda cha nguo cha Wuhan, akastaafu Wuhan, na miaka thelathini ya kelele za mashine ilikuwa imemwachia sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Yongping alimpa mama yake noti mbili nyekundu za yuan mia mia. Hanzhen alizitazama akacheka. Kwa pesa hizo, alisema, angetembeza wanawake kumi akawarudisha wameshiba.

"Mkwe, leo utaiona Wuhan ya wenyewe," alisema wakiwa kwenye lifti. "Wageni hulipa kuingia. Sisi tunatazama kutoka nje. Macho hayakatiwi tiketi."

Walianza kwa chamsha kinywa. Tambi za ufuta, kwenye bakuli la karatasi, na kuliwa zinaliwa huku mtu anatembea. Suqin aliomba wakae kidogo. Hanzhen alimwambia akikaa watu watajua ametoka shamba, na yeye Hanzhen ana jina la kulinda mtaani. Basi Suqin akatembea na kula. Kwao tambi huogelea kwenye mchuzi. Hizi zilikuwa kavu, zimepakwa ufuta mzito, zikamkwama kooni pamoja na ile sentensi.

Kwenye basi Hanzhen aligusisha kadi yake na mashine ikatangaza kwa sauti ya msichana, "Kadi ya mzee." Akapita kifua mbele kama aliyepigiwa saluti. Suqin alilipa yuan mbili. Hanzhen hakuliacha hilo lipite. Alitaka kujua kwa nini mtu akae miaka sita asijiandikishe ukaazi. Hata kama miaka yake haijatosha kupanda bure, angeshakuwa na karatasi tayari. Suqin alijibu kwamba foleni ni ndefu. Haikuwa kweli. Mara tatu Yongping alimwomba kitambulisho akamwandikishie, na mara tatu alisema hajui alipokiweka, huku kimeshonewa ndani ya mfuko wa fulana yake. Kujiandikisha kungekuwa kama kupiga msumari kwenye ubao.

Mnara wa Korongo wa Manjano ulisimama juu ya kilima chake, mapaa yake yamekunja ncha juu. Watu walikuwa wamejipanga langoni. Hanzhen aliipita foleni bila kuigeukia, akamwongoza mwenzake kwenye vichochoro na ngazi mpaka uwazi mmoja ambapo mnara ulionekana, kuanzia kiunoni hadi kilele, bila senti. Miti ya hapo ilikuwa imechanua vimaua vidogo vya dhahabu na harufu yake ilikuwa tamu kupita kiasi, kama chai iliyotiwa sukari na watu wawili wasioambiana.

Hawakuwa peke yao. Wanawake kama ishirini, wote wa rika lao, walikuwa pale kwa shughuli moja. Hanzhen akafungua mkoba wake akatoa mitandio minne ya hariri: mwekundu, wa kijani, wa manjano, na mmoja wenye tausi. Suqin alijua maana yake. Kila mwanamke mstaafu nchini anajua. Alimwambia Hanzhen kwamba yeye atashika mkoba tu.

"Utashika mkoba kwenye mazishi yangu," Hanzhen alisema. "Leo utapigwa picha. Shika ncha hii na hii. Mikono juu. Uachie upepo."

Suqin akainua mikono.

"Si hivyo, mkwe. Umesimama kama nguzo ya umeme. Unaanika nguo?"

Mwanamke aliyekuwa nyuma yao aliwaomba kwa adabu wamalize, jua linahama. Hanzhen alimjibu kwamba jua hilo amezaliwa nalo na litamsubiri. Wanawake wakacheka, na Suqin naye, kwa haya tu, akacheka. Hapo hapo simu ikabonyezwa. Akageuzwa, akainamishwa, akaambiwa aruke kidogo, aangalie mbali kana kwamba anamwona mchumba. Mwekundu, kijani, manjano, tausi. Kabla hajashusha mikono, picha tisa zilikuwa zimeshakwenda kwenye kundi la familia ndani ya simu, kundi ambalo Lan alilipa jina la Nyumba Yenye Heri.

Simu ya Suqin ikatetemeka mfukoni. Yongping ameleta ua. Lan ameleta ua na moyo. Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka Gansu, na Suqin akaweka simu sikioni, akiwageuzia wenzake mgongo. Mzee Wancang alikuwa anapiga kelele, kama kawaida yake, akiamini sauti lazima isukumwe ili ifike mbali. Mama Yongping kapendeza, alisema. Kumbe mjini watu hurudi ujana. Amekula tambi na nyama, yeye hana neno.

Suqin alijua kwamba mume wake hajui kusukuma unga wa tambi. Alijua pia kwamba hawezi kusema hivyo mbele ya familia nzima. Akabonyeza, akasogeza simu mdomoni, akasema kwa furaha ile ambayo mtu huivaa kama nguo ya wageni: "Nimefurahi sana. Mji mzuri. Wananitunza vizuri mno."

Hanzhen alimwitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi.

Mchana walishuka kwenye kivuko. Kivuko cha mto Changjiang ni yuan moja na nusu, na kwa yuan moja na nusu Hanzhen alisema unapata mto, upepo, daraja na kiti. Chini walijaa wenye pikipiki za umeme. Juu yalikuwepo mabenchi. Walikaa upande wa daraja. Hanzhen alivua viatu, akatoa machungwa madogo na mfuko wa mbegu za alizeti, akaanza kuzibangua kwa meno ya mbele haraka kuliko cherehani.

Mto ulikuwa mpana, rangi ya udongo. Suqin aliutazama akawaza kwamba huo udongo labda umetoka juu huko, nchi yao kavu, kisha akajisahihisha: ule wa kwao huenda na mto mwingine. Hata matope ya kwao hayakupita hapa.

Labda ni kwa sababu ya upepo, au kwa sababu mtu akiwa juu ya maji huona kama hajafika popote bado na lolote linaweza kusemwa. Alimwambia Hanzhen kwamba jioni atamwomba mwanawe tiketi ya kwenda nyumbani.

Meno ya Hanzhen yakasimama. Alitoa ganda la mbegu mdomoni, akalitazama, akalitia mfukoni.

"Kwa hiyo hawajakwambia," alisema.

"Kuniambia nini?"

"Niliapa nisifungue mdomo mpaka jioni." Akatazama huku na huku, utadhani bintiye yuko nyuma ya benchi. "Lan ana mimba. Mwezi wa tatu huu."

Suqin alisema ni heri. Neno lilitoka lenyewe, kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Kisha mambo yote ya asubuhi yakajipanga: uso ulionawa mapema, noti mbili, siku ya matembezi. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama leo alitolewa ili atiwe sukari kwanza.

"Ulidhani watu hutembezwa bure, mkwe?" Hanzhen alisema, lakini mzaha wake haukuwa na meno. Baadaye akaeleza taratibu. Suqin asitegemee kwamba yeye Hanzhen atasaidia. Mama yake ana miaka tisini na moja na hajigeuzi mwenyewe kitandani. Jirani anamkalia mpaka jioni tu, na nusu ya siku imeshapita. Mto huu aliuvuka mara ya mwisho mwaka juzi. Ile mitandio minne ilikuwa kabatini na mikunjo ya dukani. "Unaniona natembea," alisema. "Nimeiba."

Suqin akamuuliza: je, akisema hapana?

"Sema. Nani amekuziba mdomo?" Hanzhen alimenya chungwa, akaligawa, akamwekea nusu kiganjani. Daraja lilikuwa upande wao, treni ikapita ndani yake, sauti ikawaangukia wote. Ilipoondoka, Hanzhen akaongeza kwa sauti ambayo Suqin hakujua kama anayo. "Ila ujue kwamba wiki iliyopita Lan alitokwa damu kidogo. Daktari amesema asitiwe majonzi."

Basi. Kivuko kikaendelea kukata maji katikati ya kingo mbili, na Suqin akaona kwamba hakuna ukingo ambao ni wake. Akiteremka huku, ni Wuhan. Akirudi kule, ni Wuhan vile vile. Alikula nusu yake ya chungwa kwa kuwa ilikuwa mkononi.

"Na wakikwambia jioni, ushtuke," Hanzhen alisema. "Usinitie aibu kwa mwanangu. Nitazame hapa. Upepo mzuri huu. Cheka."

Akamtupia mtandio mwekundu mabegani na kuinua simu. Suqin akacheka. Alikuwa amecheka siku nzima, misuli ya mashavu ilishaijua njia. Hanzhen akaitazama picha hiyo, akasema ndiyo nzuri kuliko zote, ana sura ya mwanamke asiye na deni la mtu, akaituma.

Walirudi saa kumi na moja. Hanzhen hakupanda juu. Alikimbilia basi kwenda kumgeuza mama yake. Juu, Yongping alikuwa amepika samaki, chumvi imezidi, na Lan ameandaa meza kwa vile vibakuli vya sikukuu. Miaomiao alimvuta bibi yake mkono mpaka kwenye kiti cha katikati, kile cha kuelekea mlango, kiti cha mkubwa wa nyumba. Suqin aliona televisheni imewashwa. Ndani yake alikuwepo yeye.

Alikuwa mkubwa kuliko mtu. Mikono juu, mtandio wa tausi umejaa upepo, mnara nyuma yake, meno yote nje. Picha ikabadilika, akawa wa kijani. Ikabadilika, akawa anaruka. Miaomiao alipiga makofi kwa kila moja na kusema bibi ni nyota wa sinema. Ya kivukoni ilipofika, Lan aliweka vijiti vyake mezani, na macho yake yakalowa.

Alisema alikuwa akiogopa. Miaka yote hii alidhani Mama anavumilia tu, kwamba anahesabu siku. Usiku mwingine alikuwa akimwambia Yongping kwamba wamemwonea. Lakini leo, alipoziona picha hizo moja baada ya nyingine, moyo wake ukakaa. Mtu hawezi kucheka hivyo kwa kulazimishwa. Ndipo akasema habari ya mimba, mkono juu ya tumbo, kama anayetoa zawadi aliyoificha mgongoni.

Suqin alishtuka. Alishtuka vizuri, kwa kinywa na kwa mikono, akasema ni heri, ni heri kubwa, akamwekea Lan minofu ya shavu la samaki, ile laini isiyo na miiba. Sentensi yake ilikuwa bado ipo. Aliitafuta akaikuta mahali pake, haikukosa neno. Yongping, mtoto ameshaingia shule. Lakini ilikuwa sentensi ya nyumba nyingine, yenye mtoto mmoja.

"Yongping," akaanza.

"Najua, Mama. Unamfikiria Baba." Yongping alimmiminia chai, mikono miwili, kwa heshima. Hilo wameshalimaliza, alisema. Saa tisa alimpigia Baba akamweleza yote. Baba alikuwa ameziona picha, amezirudia mara nyingi, hata amemwonyesha jirani. Na Baba mwenyewe ndiye aliyesema, wala hakuna aliyemshurutisha: kama mama yako ana furaha namna hiyo, mwacheni akae. Miaka mitatu hivi, mtoto apate miguu. Yeye ataungana nao wakati wa Mwaka Mpya kama magoti yatamruhusu.

Suqin aliuliza kama ni kweli alisema hivyo. Badala ya kujibu, Yongping akapiga simu, na uso wa mzee Wancang ukatokea kwenye kioo. Nusu yake, kwa kweli: paji la uso, kofia, na dari ya jikoni iliyoungua moshi. Hakuwahi kujifunza kushika simu. Kila mtu alimsalimia kwa pamoja. Mzee akampongeza Lan, akamuuliza Miaomiao kama anataka kaka au dada, akaambiwa sungura, akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu kuliko kicheko. Kilipokwisha, akasema hana neno, ni vumbi la viazi tu.

"Mama Yongping," akaita. "Nimekuona. Umenenepa, umekuwa mrembo. Kaa tu, usiwe na wasiwasi. Mimi huku nina kila kitu."

Alisema kwa sauti ile ile ya furaha. Suqin aliitambua, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa ameivaa mwenyewe tangu asubuhi. Mtu mmoja alituma kicheko, mwingine akatuma ruhusa, na katikati yao kila mmoja alikuwa amemfungia mwenzake mlango kwa nje.

Miaomiao alikuwa amepata kwenye kundi video ambayo Hanzhen ameiunga kwa picha zile na kuitia muziki wa matarumbeta, akaiweka kwenye televisheni na kuipandisha sauti. Yongping na Lan wakageuka kutazama. Suqin akaichukua simu mezani, mzee bado yuko hewani. Akaisogeza karibu, karibu sana, midomo ikigusa kioo, kama wanavyofanya wazee wanaodhani mashine haisikii.

"Baba Yongping," akasema kwa sauti ndogo sana, "usiziamini zile picha."